Noti zako zisizame na laptopu: vile mimi naziweka kwenye kompyuta 3 hapa Lamu

Mwaka 2021 mwezi wa saba, kusi imekaza, nilipanda boti Mokowe nikija Amu, yaani mji wa Lamu, laptopu nimeitia kwenye mkoba wa kitambaa nimeupakata hivi kama mtoto, na wimbi moja tu likapanda ubavuni likatuosha sote tuliokaa upande ule. Kufika jeti nafungua mkoba, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye kibodi. Laptopu ni pesa, na pesa hutafutwa. Lakini mle ndani mlikuwa na noti za miezi 14, maneno ya ujenzi wa vyombo niliyokuwa nikiyachukua kwa mzee mmoja fundi wa Matondoni, kila kipande kwa jina lake, mkuku, hanamu, mataruma, foromali, vile kalafati (pamba ya kuziba nyufa za mbao) inavyopigwa na sifa (mafuta ya papa) inavyopakwa, na mzee mwenyewe alikuwa ashatangulia mbele ya haki tangu mwezi wa nne. Nkarudi kwa wanawe, wakanipa waliyonayo, mengine wakaniambia haya alikuwa akiyajua baba peke yake.

Tangu hapo nimepanga mambo yangu upya. Sahizi noti ziko kwenye kompyuta 3, moja nyumbani Langoni, moja kazini, moja kwa dadangu Malindi, na tangu nianze mpango huu sijapoteza hata faili moja. Nawaandikia vile ninavyofanya kwa sababu hapa kwetu watu wengi wana noti za thamani, waalimu wa madrasa, manesi, wanafunzi, watu wanaoandika nasaba za ukoo wao, na zote ziko kwenye kifaa kimoja ambacho kila wiki kinapanda boti.

Kabla ya kuanza: sinki si bakapu

Hapa ndipo watu wengi huanguka kwa hivo nisomee taratibu. Kusinki ni kufanya folda ya kompyuta hii na folda ya kompyuta ile ziwe sawasawa wakati wote. Ukiandika kule, huku yaja. Ukifuta kule, huku nako yafutika. Bakapu ni nakala ya jana, imekaa pembeni, haijui leo umefanya nini. Ukifuta leo, ya jana iko.

Mwenzangu mmoja kazini alifuta folda nzima saa nne asubuhi akidhani ni takataka, jioni akaenda nyumbani akisema moyoni si kitu iko kwa laptopu, akaifungua laptopu, ikashika wifi, na mbele ya macho yake folda ikapotea huko pia. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, ile ndio kazi ya sinki. Yeye hakuwa na bakapu, alikuwa na vioo viwili vinavyoangaliana. Unahitaji vyote viwili, sinki ya kufanyia kazi na bakapu ya kulalia usingizi.

Hatua ya 1: zikusanye kwanza

Kaa chini na karatasi uandike noti zako ziko wapi. Utashangaa. Mimi nilizikuta kwa Word kwenye desktopu ya kazi, kwa Google Keep, ile apu ya noti ya Google, kwenye simu, kwa WhatsApp kwa sababu nilikuwa na tabia ya kujitumia meseji mwenyewe, na zingine kwenye simu ya zamani iliyopasuka kioo iko ndani ya droo.

WhatsApp ni rahisi, fungua ile chati, ingia kwenye menyu yake utafute "Export chat", itakutolea faili ya maandishi matupu ambayo unaweza kuituma kwa imeili yako. Google Keep hutolewa kupitia Google Takeout, ukichagua Keep peke yake itakupa zip, yaani faili nyingi zilizokandamizwa kuwa moja, ambayo ndani kila noti iko kwa miundo miwili, HTML inayofunguka kwa brauza na JSON, na picha zake pembeni. Evernote, apu nyingine ya noti, hutoa faili za ENEX, ambazo programu za noti kama Joplin huzisoma. Zile za Word zikopi vilevile zilivyo, utazishughulikia baadae.

Zote zitie kwenye folda moja. Moja tu. Yangu inaitwa "noti" na iko mahali pamoja kwenye kila kompyuta. Usianze kuzipanga sahizi, nakusihi, manake ukianza kupanga utafika saa nane usiku ukisoma vitu vya zamani na bakapu hujafanya.

Hatua ya 2: ziwe maandishi matupu

Hili nalishikilia sana. Noti iwe faili la .txt au la .md, yaani Markdown, ule mtindo aliouleta John Gruber mwaka 2004 ambapo kichwa cha habari unakiwekea alama ya # na basi. Faili kama hilo linafunguka kwa Windows, kwa Linux, kwa Mac, kwa simu ya bei ya chini kabisa, na likiharibika katikati bado utasoma lililobaki. Noti iliyofungiwa ndani ya apu fulani inategemea apu hio iishi, na apu hufa, kampuni hubadilisha nia, bei hupanda, wewe ndio unabaki mlangoni.

Kama unataka programu nzuri ya kuandikia, Obsidian inafungua folda yako ya faili za .md moja kwa moja bila kuzihamisha popote. Joplin nayo ni nzuri na ni ya bure, ila yenyewe huzihifadhi noti ndani ya databesi yake, kwa hivo usiichukue folda ya Joplin ukaisinki kwa nguvu na programu nyingine, utaivuruga. Tumia sinki yake yenyewe, na kila mwezi toa nakala ya Markdown kutoka menyu yake uiweke kwenye folda ya noti.

Sasa jambo la herufi. Sisi wa huku wengine tunaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mashairi na nasaba na hirizi za dawa, na hapo ukikosea unapoteza kila kitu huku faili liko machoni pako. Unaposevu kwenye Notepad tazama chini kuna kisanduku cha Encoding, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi, hakikisha imeandikwa UTF-8. Notepad ya Windows za tangu 2019 inafanya hivo yenyewe, zile za nyuma zilikuwa zikiweka ANSI, na ANSI haizijui alifu na bee zako, itazigeuza alama za kuuliza na zikishageuka hazirudi. Nilikuta faili 6 za kasida za bibi yangu mzaa mama zimekuwa hivo, mistari na mistari ya ????? tu. Alhamdulillah karatasi zilikuwepo nkaziandika upya.

Hatua ya 3: majina ya faili

Anza na tarehe, mwaka mbele: 2024-08-13-kalafati-matondoni.md. Hivo zitajipanga zenyewe kwa mpangilio wa siku kwenye kompyuta yoyote. Usitumie nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota wala mkwaju (/) kwenye jina, Windows inazikataa, na kama uliliandika kwenye Linux au simu faili halitasinki na huenda usijue mpaka siku unalitafuta. Halafu tumia herufi ndogo tupu. Kwa Linux "Noti.md" na "noti.md" ni faili 2 tofauti, kwa Windows ni moja, na hapo hugongana.

Hatua ya 4: sinki, tena bila bando

Watu wengi mkiambiwa sinki mnafikiria Google Drive. Si mbaya. Akaunti ya bure inakupa GB 15, ila hio ni pamoja na imeili na picha zako, OneDrive ya bure ni GB 5, Dropbox GB 2. Kwa noti za maandishi hio ni bahari. Hesabu mwenyewe, ukurasa mmoja uliojaa ni kama herufi 3,000, yaani KB 3 hivi, kwa hivo noti 10,000 za ukurasa mmoja mmoja ni MB 30. Sauti ndio nzito, MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 ni karibu MB 1 kwa dakika, na WAV ni kama MB 10 kwa dakika. Ndio maana rekodi za wazee naziweka folda yake mbali na maandishi, zisije zikanizuilia maandishi kusinki.

Lakini huku intaneti inakuja na kuondoka, na bando ni pesa. Kwa hivo mimi natumia Syncthing, ni ya bure, inaunganisha kompyuta kwa kompyuta bila kupitia kwa mtu wa katikati anayekuwekea faili zako, na zikiwa kwenye wifi moja zinaongea zenyewe hata kama intaneti imekatika mji mzima. Inakuwa hivi:

Pakua Syncthing kwenye kompyuta zote mbili na uiwashe. Haifunguki kama programu za kawaida, inafunguka ndani ya brauza, andika 127.0.0.1:8384 juu pale pa anwani. Kila kompyuta ina kitambulisho chake kirefu cha herufi na namba, kinaitwa Device ID. Kikopi cha kompyuta ya pili, ukitie kwenye ya kwanza pale pa kuongeza kifaa. Ile ya pili itauliza, kuna kifaa kinataka kuunganishwa, umkubali? Mkubali. Halafu kwenye ya kwanza ongeza folda yako ya noti, na kwenye upande wa kushiriki weka tiki kwa kompyuta ya pili. Ya pili itauliza tena, kubali, mwonyeshe iwekwe wapi. Basi, subiri paandike "Up to Date" kwa rangi ya kijani.

Huna ruta nyumbani? Washa hotspot ya simu, unganisha laptopu zote mbili hapo, halafu zima data ya simu. Simu nyingi za Android hotspot inabaki hai hata data ikiwa imezimwa, na faili zinapita kati ya laptopu bila kugusa bando lako hata kidogo. Ile ya kuzima data usiisahau, manake Windows ikiona hotspot itaanza kushusha apdeti zake na saa moja tu bando la wiki limekwisha.

Mambo 4 ya Syncthing niliyojifunza kwa shida:

Moja, kompyuta zote mbili lazima ziwe zimewashwa wakati mmoja. Ukiizima ya kazini ukaondoka, ya nyumbani haitapata chochote mpaka zikutane. Mimi laptopu naibeba inakutana na desktopu kazini kila siku, inatosha.

Pili, ukifungua noti ileile kwenye kompyuta mbili ukaandika kote, haitakuchanganyia, itakuwekea faili la pili lenye maneno "sync-conflict" kwenye jina. Usilifute kwa hasira. Yafungue yote mawili, kopi kilichokosekana, ndio ufute.

Tatu, na hili ndio kubwa. Ndani ya mipangilio ya folda kuna "File Versioning". Iwashe, chagua "Staggered". Hio inaweka matoleo ya zamani kwenye folda iliyofichwa inayoitwa .stversions, kwa kawaida hadi siku 365. Lakini elewa inavyofanya kazi, inaweka toleo la zamani pale badiliko linapokuja kutoka kompyuta nyingine. Ukifuta wewe mwenyewe hapohapo ulipo, kompyuta hio haikuwekei kitu, ile nyingine ndio itakayokuwa imeliweka. Kwa hivo iwashe kwenye kompyuta zote, si moja.

Nne, kwa simu ya Android, ile apu yao rasmi ilisimamishwa mwisho wa 2024, watu wamehamia Syncthing-Fork. Inafanya kazi, ila iambie isinki ukiwa kwa wifi na chaja tu, la sivyo betri itakulilia.

Na usiiweke folda moja kwa Syncthing na kwa Google Drive wakati mmoja. Zitashindania kila faili. Chagua moja ya kusinki. Wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni kama hio Drive, kama unalitaka libaki la bakapu, nitafika huko.

Hatua ya 5: bakapu yenyewe

Kuna kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza mpiga picha wa Marekani Peter Krogh. Nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 kati yao iwe mbali na hapo ulipo. Wazee wetu walikuwa wakiifanya bila kuipa jina. Hizi tenzi za Pate tunazozisoma leo hazikutufikia kwa sababu karatasi ni ngumu, karatasi huku inaliwa na mchwa na unyevu haraka sana, zimetufikia kwa sababu mtu alinakili, na mwanawe akanakili, na nakala moja ikaenda Amu na nyingine Siyu.

Ninachofanya mimi ni rahisi mno hata mtoto wa darasa la sita anaweza. Kila Ijumaa nikirudi msikitini kabla sijala, nabonyeza mausi upande wa kulia juu ya folda ya noti, naikandamiza kuwa zip, naipa jina la tarehe, noti-2025-03-07.zip, naikopi kwenye flashi. Ile ya wiki iliyopita siifuti. Zip ya maandishi yangu yote haifiki MB 10, flashi ya GB 32 itazibeba kama 3,000, yaani Ijumaa za miaka zaidi ya 50. Kwa nini nifute?

Nimejaribu njia za kitaalamu, robocopy kwa Windows na rsync kwa Linux, na ni nzuri kama una rekodi nyingi za sauti kwa sababu zinakopi kilichobadilika tu. Lakini chunga sana, robocopy ukiiwekea /MIR na rsync ukiiwekea --delete zinafuta kule unakopeleka kila ambacho huku hakipo. Ukikosea ukageuza njia, ukaweka folda tupu kuwa chanzo, umeisafisha bakapu yako kwa mkono wako. Kama hujui unachofanya kaa na zip.

Flashi au hadi diski (hard disk) ya kutembea kati ya kompyuta tofauti ifomati kwa exFAT, moja ya miundo ya kupangia diski. FAT32 haikubali faili moja kupita GB 4, na NTFS ukiitia kwa Mac itasoma lakini kuandika itakataa. Flashi mpya uliyonunua dukani kwanza ijaribu, manake kuna feki zinazosema GB 128 na ndani ni 8, zinapokea faili zako zote bila kulalamika kisha hazirudishi. Kwa Windows kuna programu inaitwa H2testw, kwa Linux ni F3, zinaijaza flashi mpaka mwisho halafu zinasoma tena. Inachukua saa nzima au zaidi, wacha ichukue.

Fanya bakapu laptopu ikiwa na chaji ya betri. Stima ikikatika katikati ya kukopi na unatumia desktopu bila yupiesi, ile betri ya akiba, faili linaweza kubaki nusu. Na ukimaliza usiing'oe tu, bonyeza "Eject" usubiri ikuambie.

Flashi ya bakapu haiendi saiberi. Haiendi kabisa, hata kuprinti ukurasa mmoja. Mashine za saiberi zinapitiwa na flashi za mji mzima na kuna virusi vinavyoficha folda zako na kukuwekea shotikati za uongo mahali pake. Weka flashi nyingine ndogo ya kuprintia, hio ikiharibika na iharibike.

Hatua ya 6: iwekwe wapi

Nyumba zetu za mawe zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na mkono wenyewe unataka kuweka kitu cha thamani kwenye kidaka, tumelelewa hivo. Usiweke hadi diski huko. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta maji ya bahari, wakati wa masika ukiugusa mkono unatoka na unyevu, na ule unga mweupe unaodondoka ni chumvi. Mimi nilifungua flashi iliyokaa kidakani toka mwezi wa nne hadi wa nane, ile sehemu ya chuma ilikuwa imeota kutu ya kijani.

Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, yale ya kuwekea sukari, tia ndani vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, viwili vitatu, weka flashi na diski, funga, weka ndani ya kabati la mbao mbali na ukuta wa nje. Kila baada ya miezi mitatu fungua utazame. Flashi hazikuumbwa kukaa miaka bila umeme, kwa hivo mara moja moja itie kwenye kompyuta, na kila baada ya miaka michache nunua mpya uhamishe.

Tena isikae kwenye mkoba mmoja na laptopu. Wimbi moja linachukua vyote viwili. Hili silisemi kwa kusoma.

Sasa ile ya mbali. Yangu iko Malindi kwa dadangu. Ana kompyuta ya watoto, nimeweka Syncthing, na ile folda kwake nimeichagulia "Receive Only", yaani inapokea tu, watoto wakichezea faili huko haliharibiki langu huku. Versioning nimeiwasha kwake pia. Intaneti ikiwepo pande zote mbili inapita yenyewe ikiwa imefungwa kwa siri njiani, na intaneti ikiwa mbovu, nikisafiri na basi namchukulia flashi. Kama huna ndugu mbali, zip ya Ijumaa ipandishe kwa Google Drive kwa mkono, MB 10 si kitu. Ila kumbuka ukifuta kitu Drive hukaa kwa takataka siku 30 tu, na akaunti ya Google isiyoguswa miaka 2 wanaweza kuifuta, kwa hivo ingia mara kwa mara.

Hatua ya 7: siri za watu

Kwenye noti zangu kuna mambo ya wazee, nani alimuoa nani, shamba lilikuwa la nani. Si yangu kuyamwaga. Kama zako pia zina mambo ya wagonjwa au wanafunzi, kabla hujaipeleka zip kwa wingu ifunge na 7-Zip, chagua muundo wa 7z, weka paswedi, na utie tiki pale pa kuficha hata majina ya faili. Inatumia AES-256, ufungaji wa siri wenye nguvu, na paswedi ikiwa ngumu kukisia hakuna wa kuifungua. Na hakuna maana yake ni hata wewe ukisahau paswedi. Iandike kwenye karatasi, mpe mtu mmoja unayemuamini aitie na vyeti vyake vya nyumba. Mimi anayo mama mdogo, hajui hata kuwasha kompyuta lakini karatasi hio haitapotea.

Akaunti ya imeili iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na hapo Google itakupa namba 10 za akiba, ziprinti. Watu husahau kuwa simu nayo inapanda boti, ikizama na ndio ilikuwa inapokea namba za kuthibitisha, utabaki nje ya wingu lako mwenyewe.

Hatua ya 8: jaribu kurudisha

Bakapu ambayo hujawahi kuifungua hujui kama unayo. Mara moja kwa mwezi, mimi ni Ijumaa ya kwanza, nachagua zip yoyote, si ya karibuni, naifungulia kwenye kompyuta tofauti na ile iliyoitengeneza, nafungua faili 5 bila kupanga. Moja ya zamani, moja ya herufi za Kiarabu, moja yenye picha, moja ndefu, na rekodi moja kutoka folda yake ya sauti naisikiliza mpaka mwisho si mwanzo tu.

Mwezi wa kwanza tulipofanya na Malindi nilimpigia dada simu nkamwambia, "Dada, nifungulie ile ya kasida." Akakaa kimya, kisha, "Mdogo wangu, imefunguka lakini naona visanduku vitupu." Moyo ukanipasuka. Kumbe faili lilikuwa zima, kompyuta yake tu ilikuwa haina fonti ya Kiarabu, tukaiweka, akaanza kunisomea beti za bibi kwa simu na sote wawili tukanyamaza kidogo baada ya hapo.

Ukijaribu na faili likakataa, usiguse bakapu nyingine kwa haraka. Kwanza zima sinki kwenye kompyuta zote, bonyeza "Pause" kila mahali, ubovu usisambae. Halafu fungua zip ya Ijumaa iliyotangulia, na iliyotangulia hio, rudi nyuma mpaka uikute iliyo nzima. Tazama na .stversions pia. Ukiipata, ikopi kwenye folda mpya pembeni usiiweke juu ya ile mbovu, linganisha, na ukisharidhika ndio uwashe sinki tena, kompyuta moja moja.

Na ukiwa unasoma hii na laptopu iko mkononi na bado una kopi moja tu, wacha Syncthing na mambo ya exFAT mpaka kesho, chukua flashi yoyote iliyo safi hapo nyumbani, fanya ile zip sasa hivi, tarehe kwenye jina.